Mkarafuu anamwita Mdalasini: redio ya upepo nyumbani na garini

Leo safu yenu haina habari za mapenzi wala fasheni. Leo nimekuja na kile kiboksi chenye maikrofoni ya kushika mkononi na waya uliojiviringa kama springi. Wapo wanaokiita redio kol, wapo wanaokiita simu ya upepo. Nazungumzia ile ndogo ya kufunga kwenye gari au kuweka mezani nyumbani: unabonyeza unasema, unaachia unasikiliza.

Najua utakachosema. "We kijana mzima kweli? Dunia nzima inatembea na simu mfukoni, wewe unatuletea vitu vya wakati wa vita vya Kagera!" Taratibu yakhe, usifunue ukurasa. Hata mimi niliyeishia kidato cha nne najua kwamba simu imerahisisha mambo. Lakini kuna kazi moja simu haiiwezi, na siku kazi hiyo ikikubishia hodi utaitafuta redio kwa tochi.

Simu ni ya mtu na mtu. Ukimpigia mmoja asipopokea, unaanza upya kwa wa pili, halafu wa tatu. Redio unabonyeza mara moja tu, na kila aliye kwenye masafa yenu anasikia papo hapo. Haiulizi salio, haiulizi bando, haingoji mnara wa kampuni yoyote. Inadai kitu kimoja: upande wa pili awepo mtu anayesikiliza. Hilo la mwisho lishike vizuri, tutalirudia.

HUKU KWETU KIDICHI

Mimi ni mkaazi wa Kidichi, huku shamba kwenye viungo. Kwa asiyepajua, ukitoka mjini unafuata barabara ya pwani mpaka Bububu, kisha unakunja kulia na kupanda. Ndiko yaliko yale mahamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Siku hizi wageni wanakuja kuyaangalia, na wakitoka hapo wanaingizwa mashambani kunusishwa karafuu, mdalasini na hiliki.

Ami yangu anaishi kwa biashara hiyo. Ana shamba la viungo na gari mbili za kuchukulia wageni. Miaka kadhaa nyuma alifunga redio tatu, moja sebuleni na moja katika kila gari. Ya nyumbani wakaiita Mkarafuu, gari ya kwanza Mdalasini, ya pili Hiliki. Basi asubuhi ukipita karibu na dirisha lake utasikia: "Mkarafuu anamwita Mdalasini, ova." "Mdalasini anasikia mama, sema." Hiyo sauti ya kwanza ni ya mama mdogo, mke wa ami. Yeye ndiye mkuu wa kituo, na usimfanyie mchezo.

KIBOKSI CHENYEWE

Redio hizi za siku hizi zimekuwa ndogo mno. Nyingine inaenea kwenye kiganja cha mtu mzima, lakini inatoa nguvu ya wati 20 hadi 25. Ile ya kushika mkononi, ambayo walinzi wa mahoteli wanaining'iniza kiunoni, kwa kawaida ni wati 4 au 5 tu.

Nyingi zinashika masafa ya aina mbili. Kuna VHF, megahezi 136 hadi 174, na UHF, megahezi 400 hadi 480. VHF inafaa zaidi kwenye nafasi ya wazi, mashambani na baharini. UHF inajipenyeza vizuri zaidi ndani ya majumba, kwa hiyo mtu wa vichochoro vya Mji Mkongwe huenda ikamfaa kuliko sisi wa shamba.

Chakula chake ni volti 12, umeme ule ule wa betri ya gari. Ikiwa inasikiliza tu, inakula chini ya amperi moja. Ukibonyeza ukasema kwa nguvu zote, inafika amperi 5 hivi. Maana yake ni kwamba betri nzima ya gari inaweza kuiweka redio macho siku mbili tatu bila kuchajiwa, mradi usishinde unapiga soga.

Na msidhani ni mambo mapya. Mwaka 1928 polisi wa Detroit, Marekani, walikuwa na gari zenye redio za kusikia tu. Kituo kinatangaza, askari anasikia, lakini hawezi kujibu! Ilipofika mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, jimbo la New Jersey, ndipo wakaanza kutumia redio za garini za kusema na kusikia pande zote mbili. Hebu fikiri tofauti yake. Kumwambia mtu neno ni jambo moja, kujua kwamba amelisikia ni jambo jingine kabisa.

KILIMA NI MALI

Mawimbi ya redio hizi hayapindi sana. Yanakwenda karibu sawa na macho yako: ukipaona mahali, huenda ukasikika hapo. Ndiyo maana antena ni muhimu kuliko wati. Mtu anajisifu redio yake ina wati 50, kumbe antena kaiweka chini ya kitanda!

Kuna hesabu ya haraka ya kukisia umbali. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa urefu huo, kisha izidishe kwa 4. Antena ikiwa mita 9 juu, tatu mara tatu ni tisa, basi 3 mara 4 ni kilomita 12. Ukiwa juu ya kilima, antena ikawa mita 100 juu ya ardhi inayokuzunguka, unapata kilomita 40. Na gari nayo ina antena yake, umbali wake unaongezwa hapo hapo: antena iliyo mita 2 kutoka chini inaongeza kilomita 5 na ushei. Hiyo ndiyo hali nzuri kabisa. Kikikaa kilima katikati, au majengo, au msitu mnene, punguza.

Sasa angalia ramani. Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki 40. Mtu wa vilimani kama sisi, akiwa na antena juu ya mlingoti, anayo bahati ambayo mtu wa bondeni hana. Babu zetu walivipenda vilima hivi kwa upepo na karafuu, kumbe vinafaa hata kwa simu ya upepo!

SIKU UMEME ULIPOKATIKA

Wako watakaosema, "Haya, lakini simu si ipo?" Ipo, mpaka siku umeme usipokuwepo.

Wanaokumbuka wanakumbuka. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi tarehe 18 Juni. Karibu mwezi mzima! Nilikuwa bado mtoto wa skuli ya msingi, nakumbuka ndoo za maji na moshi wa vibatari. Hatujapumua vizuri, tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo tulikaa mpaka tarehe 9 Machi 2010. Miezi mitatu, jamani! Kisiwa kilikuwa kinategemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka bara, ulipokufa ule, tukafa nao.

Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100 kwa msaada wa Marekani, na mambo yakawa afadhali sana. Lakini somo lilibaki. Wakati ule watu walikuwa wanatembea na simu kama maiti mikononi, wanatafuta mwenye jenereta awachajie kwa pesa. Redio iliyounganishwa na betri ya gari, au na betri inayochajiwa na paneli ya jua, isingekuwa na habari na hayo yote.

USIKU WA MASIKA

Niwasimulie lililotokea nyumbani kwa ami, nami nikiwepo. Ilikuwa masika, mvua inamwagika tangu alasiri, umeme umekatika. Mkaza mwanawe alikuwa mja mzito, siku zake bado kidogo. Ilipofika saa tatu usiku uchungu ukamshika, na haukuja kwa utani.

Simu ya mumewe haikuwa hewani. Simu ya ami ilikuwa imezima chaji. Yangu ilikuwa na chaji, lakini mtandao unakuja na kupotea. Nimepiga kwa dereva mmoja mara nne, kila mara naambiwa hapatikani. Gari nyumbani hakuna hata moja. Na kutoka Kidichi mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja si mwendo wa kumtembeza mzazi kwenye tope.

Mama mdogo hakubishana na simu. Alikwenda sebuleni, akashika maikrofoni. "Mkarafuu anamwita Mdalasini, ova." Kimya. Akarudia. Kimya. Baadaye tulijua kwamba dereva wa Mdalasini aliegesha mjini akaingia dukani kujikinga na mvua.

Lakini redio haimwiti mmoja. Mara tukasikia mkwaruzo, kisha sauti: "Mkarafuu, hapa Hiliki. Nimekusikia mama. Nipo Mahonda narudi kutoka Nungwi. Kuna nini? Ova."

"Mwanangu njoo mbio, mkaza mwanangu uchungu umemshika. Ova."

"Nakuja mama. Mfunikeni, na mniwashie taa njiani. Ova."

Haikufika nusu saa gari ikawa mlangoni. Wakati wako njiani, Mdalasini naye akarudi garini kwake, akasikia mazungumzo, akakimbilia hospitali kuwaambia wauguzi kwamba mzazi anakuja. Kabla ya alfajiri mtoto wa kike alizaliwa, yeye na mama yake wazima, alhamdulillahi. Ana jina lake zuri la kwenye cheti, ila mtaani madereva wanamwita Hiliki, na nadhani atakwenda nalo mpaka uzeeni.

WAKUNGA WA IGANGA

Usidhani kwamba hiyo ni bahati ya nyumba moja. Mwaka 1996 katika wilaya ya Iganga, mashariki mwa Uganda, ulianzishwa mradi ulioitwa RESCUER, ukisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi. Vituo vya afya vikafungiwa redio za mezani zinazotumia umeme wa jua. Gari la wagonjwa nalo likafungwa redio yake.

Mkunga wa kijijini akiona mzazi ana tatizo, anabonyeza anaomba ushauri au anaomba gari. Ripoti za mradi zilieleza kwamba wazazi waliofikishwa kwenye vituo kwa wakati waliongezeka na vifo vikapungua. Tazama mpango wenyewe ulivyo: redio kwa anayehitaji, redio kwa anayeshauri, redio kwenye gari. Nyumbani na garini, kama kwa ami, ila kwa wilaya nzima.

REDIO HAINA SIRI

Sasa tuje kwenye upande wa pili, maana kila chenye raha kina karaha zake. Kwenye redio ukisema umesema. Siku moja mama mdogo alimwita ami akiwa kwenye Mdalasini na wageni: "Ukipita Darajani chukua mkate wa ajemi, na ile dawa yako ya kuendesha usisahau, ova." Dereva wa Hiliki akajibu kabla ya mwenyewe: "Pole sana mzee, ova." Ami hakusema na mtu mpaka magharibi.

Hilo la kucheka. La kutochekesha ni maikrofoni kukaliwa. Dereva mmoja aliiacha kwenye kiti akaikalia bila kujua, kitufe kikabaki kimebonyea. Karibu dakika kumi sote tulimsikiliza akimlalamikia mwenzake juu ya mshahara mdogo wa bosi wake, na bosi mwenyewe kakaa sebuleni anasikiliza! Wakati wote huo hakuna mwingine aliyeweza kusema neno. Je, ingekuwa ule usiku wa mvua?

Kwa hiyo adabu za redio si madoido. Sikiliza kwanza kabla ya kubonyeza, usimkate mwenzio. Taja unayemwita, kisha jitaje wewe. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linamezwa. Sema kifupi, ukimaliza sema ova. Majina ya wagonjwa, pesa zilizoko nyumbani na ugomvi wa mke na mume usiyapeleke hewani. Na maikrofoni irudishe kwenye kiango chake.

Jambo jingine, kuna masafa si ya kuchezea hata kwa dakika moja. Chaneli ya 16 ya baharini, megahezi 156.8, ni ya vyombo kuitana na kuomba msaada. Sisi watu wa kisiwa tuliozika ndugu zetu wa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 hatuhitaji kufundishwa kwa nini.

UKITAKA KUFUNGA

Garini, vuta waya kutoka kwenye betri yenyewe, na karibu na betri weka fyuzi. Plagi ya kiberiti cha sigara haikupangiwa kazi ya kubeba umeme mwingi kwa muda mrefu. Ukisema sana inaweza kupata moto. Antena ikae katikati ya paa ikiwezekana. Kwa VHF, antena fupi ya kawaida ni kama sentimita 50, kwa UHF ni kama 16 au 17. Dereva asishike maikrofoni huku anakata kona za Kizimbani: aegeshe pembeni, ndipo ajibu.

Nyumbani unahitaji betri ya volti 12, au kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 13 na kitu. Mimi nachagua betri, kwa sababu nimewaeleza ya 2008. Antena ipandishe juu, mbali na nyaya za umeme, na mahali ambapo watoto hawaifikii. Waya wake uwe mzuri na usiwe mrefu kupita kiasi, maana waya mbovu unakunywa nguvu kabla haijafika juu. Usibonyeze kusema kama antena haijaunganishwa, utaunguza redio. Na wakati wa radi ichomoe antena kabla mvua haijakaribia, isikilize ya garini badala yake.

Halafu sheria. Masafa si kama hewa ya kupumua, yana mwenyewe. Mawasiliano ya posta na simu ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964, kwa hiyo hata sisi wa Zanzibar tunakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Unaomba leseni, unapangiwa masafa, na redio yenyewe iwe ya aina iliyoidhinishwa. Ami alifuata njia hiyo, akalipa, akapewa masafa yake, fundi akayaingiza kwenye redio zote tatu. Redio ya kuokota sokoni ukaanza kubahatisha namba ni kujitafutia kesi, na mbaya zaidi, unaweza kumfunga mdomo askari, rubani au nahodha anayeomba msaada.

NANI ANASIKILIZA?

Kabla hujatoa pesa, jiulize swali hili. Wengi wanauliza bei, wengine wanauliza wati. Muulize mkeo, mumeo, dereva wako na mwanao mkubwa: nani atakaa karibu na redio hii, na saa ngapi? Kwa ami wamejipangia. Gari ikiwa barabarani, redio ya nyumbani iko wazi na mtu yupo karibu. Gari ya mwisho ikisharudi ndiyo inazimwa. Mama mdogo akienda harusini anamkabidhi mtu kituo, kwa jina, kama anavyokabidhi funguo.

Kama nyumbani kwako hakuna wa kufanya hivyo, bakia na simu yako, redio itakuwa pambo la kutilia vumbi. Ila kama mna gari, mna shamba au chombo baharini, na mna watu wawili watatu wenye subira ya kusikiliza, basi fikirieni. Anzeni na leseni, halafu antena, halafu ndiyo kiboksi.

Tukutane wiki ijayo inshallah, nitakuja na mambo mepesi zaidi. Ova!